Wa Kumi na Moja kwa Ratili Mia na Thelathini na Tatu

Ijumaa, Sib. Shaabani inaishia.

Mawingu tangu alfajiri, na mvua hakuna. Baridi ya Maskati mwezi huu ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulichukia ikifika adhuhuri. Nimeamka na hamu ya kugombana, na kwa bahati nzuri Ijumaa ndiyo siku tunayokula kwa Mama.

Kwa wiki kadhaa sasa nasoma jambo lisilonihusu hata kidogo. Wanaonisoma hapa wanajua kwamba mambo yasiyonihusu ndiyo chakula changu. Nimeshagombana humu na wapima mwezi, na wauza dawa za kupunguza tumbo, na profesa mmoja aliyesema Kiswahili cha Oman kinakufa huku akitumia Kiswahili kibovu kulisema hilo. Safari hii nimeangukia kwenye mieleka ya vyuo vya Marekani. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, niliyevaa viatu vya michezo mara moja tu, tena kwa amri ya daktari wa magoti.

Sababu ni Haitham.

Haitham ni mtoto wa mdogo wangu Nassor. Nassor alipelekwa Marekani na kazi yake wakati mtoto bado anang'oka meno ya utotoni, wakakaa Pensilvania miaka mingi, na huko Haitham akajifunza mieleka shuleni kama watoto wa hapa Sib wanavyojifunza mpira ufukweni. Familia iliporudi nyumbani, yeye alibaki kusoma uhandisi. Chuo chake ni kidogo, cha daraja la pili, na anakipigania katika uzito wa ratili mia na thelathini na tatu, yaani kilo sitini na kidogo.

Kila Jumanne hutoka orodha ya walio bora katika kila uzito. Haitham ni wa kumi na moja.

Nassor huipiga picha orodha hiyo, akaizungushia jina la mwanawe duara jekundu, akaitupa kwenye grupu la familia. Hapo hujibu watu wa Sib, wa Unguja, wa Dubai, mpaka binamu yetu wa Denmark ambaye hajibu hata salamu za Idi. Mashaallah, mashaallah, mawaridi, ngumi, bendera. Hakuna hata mmoja wao anayejua mieleka inahesabiwaje. Nami nilikuwa miongoni mwao, ila mimi sikutuma waridi.

Ijumaa moja tukiwa kwa Mama, Nassor akaisoma orodha kwa sauti, kama anayesoma majina ya waliofaulu.

"Kumi na moja katika wangapi?" akauliza Mama.

"Katika Marekani nzima, Mama."

"Na hao kumi wa mbele yake nna hamu nijue wanakula nini."

Mimi nikasema, "Katika Marekani nzima ya wenye kilo sitini. Tena ya vyuo vya daraja lake."

Nassor akaweka simu chini. "Dada, wewe hata ukenda harusini utamtafutia kasoro bwana harusi."

"Nikimtafutia naiona."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilirudi nyumbani nimeshinda, lakini swali limenifuata mpaka kitandani. Wa kumi na moja kwa ratili mia na thelathini na tatu, na wa kumi na moja kwa ratili mia na tisini na saba: nani mkubwa?

Lilikuwa swali la kitoto, na maswali ya kitoto ndiyo yanayonikosesha raha.

Nilikuwa na yakini kwamba kuna hesabu mahali. Wamarekani wanahesabu kila kitu, wana hesabu ya mara ngapi mchezaji wa mpira amegusa kofia yake. Nilitegemea kukuta jedwali linaloeleza kwamba mwepesi anaongezewa hiki na mzito anapunguziwa kile, mpaka wote wanakutana kwenye mizani moja ya haki. Nilikuwa tayari nimeshanoa kisu cha kulichinja jedwali hilo hapa kwenye blogi.

Jedwali hakuna.

Orodha ya wachezaji hailinganishi uzito mmoja na mwingine. Inakataa kabisa. Wameweka uzito wa aina kumi, kuanzia ratili mia na ishirini na tano mpaka mia mbili na themanini na tano, na kila uzito una orodha yake. Orodha hizo kumi zinakaa ukurasa mmoja kama majirani wasiosalimiana. Kumi na moja wa huku hana udugu na kumi na moja wa kule. Nambari ni ile ile, na maana yake inaishia ukutani.

Nikakasirika. Halafu nikavutiwa, na kwangu mimi hiyo ni hatari zaidi.

Nikachukua kikokotoo cha simu nikaanza kupima masafa. Kutoka uzito wa kwanza mpaka wa pili ni ratili nane, na wa pili mpaka wa tatu nane tena, na hivyo hivyo mpaka katikati. Kisha inakuwa tisa, kisha kumi, kisha kumi na tatu. Nikasema: haya, nimewakamata, wakubwa wanaachiwa uwanja mpana, wadogo wanabanwa. Nilishaandika nusu ya makala ya hasira. Kabla ya kuichapisha nikagawanya, na nikaona kwamba ratili nane kwa mtu mwembamba na kumi na tatu kwa mtu mpana ni sehemu inayokaribiana ya mwili wa kila mmoja. Aliyezipanga hakuwa mjinga. Nikaifuta makala. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa na sentensi moja nzuri sana.

Lakini huko juu kabisa, wallahi, wamechoka kufikiri. Kutoka mia na tisini na saba unaruka mpaka mia mbili na themanini na tano. Ni ratili themanini na nane, karibu kilo arubaini, uzito wa mtoto wa shule na mkoba wake. Mtu wa kilo mia anaweza kukutana mkekani na mtu wa kilo mia na ishirini na tisa, na orodha ikawaita wao ni sawa. Haitham akizidi kilo nne anahamishwa nchi. Mzito akizidi kilo ishirini anabaki nyumbani kwake.

Halafu kuna orodha ya timu, na hapo pana jambo lililonifurahisha kweli. Mashindano yakija, yule mdogo kabisa wa ratili mia na ishirini na tano akishika nafasi ya tatu, analetea chuo chake alama sawasawa na jitu la mwisho likishika nafasi ya tatu. Hapunjwi hata nukta. Timu ni miili kumi, na kila mwili una sauti moja. Kuna mabunge duniani yasiyofika hapo.

Ila hata timu zina orodha mbili. Moja inauliza: mkenda kwenye mashindano makubwa, wakali wenu wataokota alama ngapi? Nyingine inauliza: mkikutana chuo na chuo, uzito kwa uzito, mtashinda mapambano mangapi katika kumi? Chuo chenye wakali watatu na dhaifu saba kinaweza kuwa juu katika orodha ya kwanza na kugaragara katika ya pili. Nimewahi kufanya kazi katika ofisi ya aina hiyo, na bila shaka kila anayenisoma anaikumbuka ya kwake.

Na orodha ya kulinganisha wote ipo, usidhani watu wameacha kujaribu. Wanaiita ratili kwa ratili: tuseme wote wangekuwa na umbo moja, nani angekuwa baba yao? Wengine wanaitengeneza kwa kura. Wengine wanatazama nani anawashinda wenzake kwa mbali zaidi, nani anawabwaga na kuwagandisha mabega chini mara nyingi zaidi. Nilisoma hoja zao mpaka chai ikapoa. Inadaiwa kwamba wazito wanakamatana muda mrefu na kushindana kwa alama moja au mbili, kwa hivyo kipimo cha kubwaga kinawapendelea wengine. Inadaiwa pia kwamba uzito mmoja unaweza mwaka huu kujaa wakali mpaka wa kumi na tano ni hatari, na uzito wa jirani yake ukawa na wakali wanne tu na waliobaki ni wa kujazia mstari.

Basi Haitham wetu anaweza kuwa bora kuliko wa sita wa uzito mwingine. Au mbovu kuliko wa ishirini. Hakuna ajuaye. Wanaojidai kujua wanapiga ramli kwa maneno ya kisomi.

Niliyapenda mambo haya kupita kiasi. Nikawa Jumanne naifungua orodha kabla ya Nassor. Nikawa najua majina ya vijana kumi walio mbele ya Haitham, na yule wa tisa nikamchukia bila sababu yoyote.

Jumatano hii mchezo wangu ukaisha.

Haitham alinipigia simu baada ya alasiri, kwake ilikuwa asubuhi. Akanipa shikamoo yake, nami kabla ya kumjulia hali nikamrukia na maswali yangu ya orodha. Akacheka. Kicheko kilikuwa kikavu, kama cha mtu aliyeamka na homa.

"Shangazi, umeyajua yote hayo wapi?"

"Nimesoma. Mbona sauti yako hivyo?"

"Sijanywa maji tangu jana mchana. Leo tunapimwa."

Akanieleza taratibu, na naandika hapa kama nilivyomfahamu. Uzito wake wa kawaida, akila na kunywa kama binadamu, unakaa karibu na ratili mia na arubaini na kitu. Mwanzo wa msimu hupimwa maji ya mwili na mafuta, wakaambiwa kila mmoja mwisho wa kushuka ni wapi, kwa hivyo hakuna anayevunja sheria. Yeye anaruhusiwa kufika mia na thelathini na tatu. Anafika, lakini akifika huwa amebaki ngozi na ukaidi. Wakishuka mizanini, wenzake hukimbilia chupa za maji na tambi, wanakunywa mpaka wanarudi kuwa watu, kisha wanaingia mkekani.

"Na mashindano ya kanda yanaangukia Ramadhani," akasema.

Hilo sikulisoma popote, nami nilidhani nimesoma yote.

"Kunywa wakati wa daku ntashindwa, kwa sababu ya mizani. Kunywa baada ya mizani ntashindwa, kwa sababu ya swaumu. Shangazi, mimi ntafunga."

"Utakuwa safarini. Msafiri ana ruhusa."

"Ruhusa naijua. Siitaki. Mwaka jana niliichukua, na sikupenda nilivyojiona."

Sikuuliza alijionaje. Kuna maswali ambayo hata mimi nayaacha.

Dawa anaijua mwenyewe: apande uzito mmoja, ratili mia na arubaini na moja. Huko hahitaji kujikausha. Atakula daku, atafunga, atapigana na swaumu yake lakini bila kiu ya siku mbili juu yake. Kocha wake amemwachia achague, ila ataje chaguo kesho, Jumamosi.

Na hapa orodha zangu nzuri zikanigeukia. Ushindi wote alioupata huko chini hahami nao. Uzito mpya unataka mapambano ya uzito huo huo, na yeye hana hata moja la kuonyesha. Jumanne ijayo jina lake halitakuwa kwenye mia na thelathini na tatu kwa sababu amehama, na halitakuwa kwenye mia na arubaini na moja kwa sababu hawamjui. Na kwenye kanda, asiyejulikana anaweza kupangiwa mtu mkali tangu pambano la mwanzo. Akipigwa mapema, msimu wake umekwisha, na huu ni mwaka wake wa mwisho wa chuo.

"Baba atasema nimeanguka," akasema. "Zungumza naye wewe, Shangazi. Wewe hushindwi."

Nilimwahidi.

Sasa naandika jambo ambalo sikumwambia yeye. Nilipokata simu, jambo la kwanza lililonijia halikuwa kiu yake. Nilijiambia: akibaki, akamshinda yule wa tisa, anaweza kuingia kumi bora. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi nikipigia hesabu mwili wa mtoto niliyembeba, na hesabu ilikuwa tamu.

Basi leo.

Tumekula pilau ya Mama, wakubwa tumehamia kwenye mito, kahawa imezunguka. Nassor akaanza mwenyewe, uso umemng'aa. Ramadhani, anasema, imekuja kwa wakati wake mwaka huu. Haitham atashuka uzito bila taabu. Wenziwe watahangaika na kukimbia wamevaa nguo nzito, yeye atafunga tu, apate thawabu na apate ratili zake.

"Mungu amempangia," akasema.

Sijui kama kuna baba mwingine duniani anayeweza kufanya kosa hili. Baba asiye na mtoto wa mieleka asingelifikia, na baba asiyefunga asingelifikia. Ilitaka mtu mwenye vyote viwili ndani ya nyumba yake ili aviunganishe vibaya namna hii.

Nikamwambia yote aliyoniambia Haitham. Nilieleza mizani, chupa za maji, kiu. Nassor alisikiliza akizungusha kikombe.

"Basi ale," akasema. "Msafiri ana ruhusa."

"Sasa hivi umesema funga itamsaidia."

"Nimesema ikiwezekana."

"Hukusema ikiwezekana. Umesema Mungu amempangia. Chagua moja, Nassor: funga imsaidie au funga aiache. Zote mbili kwa ajili ya nambari moja huwezi kuzipata."

"Dada, usinifanye mimi blogi yako."

Mama akacheka peke yake. Anapenda tukigombana, husema ndiyo anajua tuko wazima.

Nikaendelea, maana nilikuja nimejiandaa. Nikamwambia kumi na moja yake haivuki ukuta. Nikamwambia ratili nane ni kitu gani kwa mwili wa kilo sitini. Nikamwambia uzito mmoja unaweza kuwa msongamano na mwingine uwanja mtupu, kwa hivyo nambari anayoizungushia duara kila Jumanne haimwambii mtoto ni mkali kiasi gani, inamwambia tu amesimama nyuma ya watu kumi wa umbo lake waliopimwa asubuhi ile. Nilisema vizuri. Nilikuwa nasikia mwenyewe kwamba nasema vizuri.

Nassor akaweka kikombe chini.

"Umesoma sana. Haya, nijibu. Akipanda, atashinda?"

Ninawajua wa ratili mia na arubaini na moja. Nimewasoma Alkhamisi nzima. Ninajua nani anapenda kushika mguu mmoja na nani anachoka dakika za mwisho. Ningeweza kutengeneza hoja papo hapo, na Nassor angeikubali, kwa sababu miaka yote huzikubali hoja zangu akichoka. Nilifungua mdomo.

"Sijui," nikasema.

Mama akaacha kumenya chungwa. "Kasema nini huyu?"

"Kasema hajui, Mama."

"Uongo!"

Tulicheka sote watatu, Nassor akacheka mpaka akafuta macho. Kicheko kilipokwisha alibaki anatazama zulia, na akaanza kusema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tulipomzika marehemu baba.

Akasema Haitham humpigia simu kila wiki na kumwambia yuko salama. Wote walio mbali husema wako salama. Yeye mwenyewe alipokuwa huko akiumwa, alimwambia Mama yuko salama. Simu haimwambii kitu. Lakini Jumanne ikitoka ile orodha, anaona jina la mwanawe limeandikwa na watu wasiomjua, wasio na haja ya kumfurahisha baba mtu. Wa kumi na mbili, wa kumi na moja. Hapo anajua mtoto yuko wapi.

"Sijui mieleka," akasema. "Hata hizo ratili huwa nazisahau. Lakini nambari hainidanganyi ili nilale."

Nilidhani anajivuna. Wiki zote hizi nimemcheka mtu ninayemdhani anajivuna.

Nilikuwa na majibu kama saba, yote makali. Nikatoa moja, kwa sauti ya chini.

"Nambari haikukwambia kwamba ana kiu."

Akachukua simu yake, akatoka uani. Kupitia dirishani tulimwona anatembea kwenda na kurudi kando ya magari, mkono mmoja kiunoni. Mama akaniuliza kwani Haitham anapigana na nani hasa. Nikamwambia hatujui, Mama, ndiyo mushkili wenyewe. Akasema, "Basi na huyo naye hamjui Haitham," akarudi kwenye chungwa lake.

Nassor aliporudi alikaa pale pale alipokuwa.

"Nimemwambia apande."

"Alhamdulillah."

"Usishukuru haraka. Nimemwambia rai ni ya shangazi yake. Akipigwa, nakulaumu wewe."

"Nilaumu."

"Ntakulaumu kwenye grupu."

"Nilaumu popote unapotaka."

Akajimiminia kahawa, akauliza kama pilau imebaki. Mazungumzo ya watu wa kwetu huishia hapo, jambo zito likimalizika mtu anauliza chakula.

Sasa ni jioni, nipo kwangu, na mawingu yameondoka bila kutupa kitu. Nimefungua orodha ya ratili mia na arubaini na moja nikaitazama kwa jicho jingine. Wa kwanza ni kijana mwenye shingo kama nguzo. Wa pili hajapoteza pambano tangu msimu uanze. Alkhamisi majina haya yalikuwa habari ya kuvutia, leo kila mmoja wao ni mtu anayeweza kumshika mtoto wetu mguu. Nimeifunga.

Bado naona hamu ya swali langu. Nani mkubwa, mwepesi au mzito, na kwa kipimo gani? Nadhani wale waliojenga kuta kumi walikuwa waaminifu kuliko wanaopiga ramli ya ratili kwa ratili, kwa sababu walikiri wasichoweza kupima. Nitalitetea hilo mbele ya yeyote. Lakini wameshindwa kuweka safu moja tu, na sijui kama inawezekana kuiweka: mtu ameingia mkekani baada ya kuacha nini. Wawili wenye nambari moja, mmoja amekunywa na mmoja ameacha kunywa kwa hiari yake. Utaandika wapi hilo? Na ukiliandika, si utakuwa umeliharibu?

Sijui, nami nachukia kuandika jibu hilo mara mbili kwa siku moja.

Mashindano ya kanda yataonyeshwa mtandaoni. Kwao itakuwa asubuhi, huku kwetu jua litakuwa limeshazama. Tutakuwa tumefuturu, Mama na uji wake, Nassor na tende, tumejazana mbele ya kioo kimoja. Yeye atakuwa bado amefunga. Ataingia bila nambari, dhidi ya mtu asiyemjua, kwa dakika saba ikiwa zitafika saba, kwa sababu mimi nilimwambia baba yake amwache.

Maisha yangu yote nimeingia kila mahali nimeshika hoja. Siku hiyo sitakuwa nayo, na sijui mikono yangu nitaiweka wapi.